Kabla hujairudisha diski: namna ya kupima picha na sauti ya filamu nyumbani

Mama mmoja wa Makorora, Tanga, aliwahi kuniletea DVD dukani kaishika kwa vidole viwili, kama mtu anayemrudishia mchuuzi samaki aliyechina.

"Mwanangu, nimelipia filamu ya rangi, umenipa nyeusi na nyeupe."

Nikamwamkia, nikaipokea, nikaitia kwenye deki ya dukani. Rangi zote zipo, hadi wekundu wa kucha za bibi harusi. Mama akanitazama kwa jicho la mtu anayechezewa shere. Ikabidi nifunge duka, nipande baiskeli hadi kwake. TV ilikuwa flati mpya, ina wiki moja sebuleni. Mjukuu kachomeka waya wa njano kwenye tundu la kijani nyuma ya TV, halafu kwa rimoti kachagua njia ya Component. Tundu lile, kwa njia ile, hupokea mwanga na kivuli cha picha tu. Rangi hupitia matundu mawili mengine, la buluu na jekundu, ambayo yalikuwa matupu. Nikabadilisha njia kuwa AV, kucha zikarudi kuwa nyekundu, nikapewa chai na mkate wa mofa.

Duka langu la Ngamiani sasa halipo, flashi na simu zimelimaliza. Ila watu bado wananiletea maboksi: diski za zamani, diski za harusi, Bluray zilizotumwa na ndugu walioko Maskati au Uingereza. Swali ni lilelile: hii kopi ni nzuri au mbaya? Huwa silijibu kabla ya kujua inachezwa na deki gani, kwa waya gani, kwenye TV gani. Watuhumiwa ni watatu, diski, deki na TV, na mara nyingi kuna wa nne ambaye hatumfikirii, yule aliyeipiga filamu yenyewe. Kazi yote ya kupima ni kuwatoa mmoja mmoja kwenye kesi.

Hatua ya 1: Inyamazishe TV kwanza

TV hutoka kiwandani imepangwa ili ishindane na wenzake ukutani kwa muuzaji, chini ya taa kali. Ndiyo maana huwa imewekwa kwenye Vivid au Dynamic: buluu inapiga kelele, weupe unaumiza macho, nyuso zimeiva kama nyanya. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua Movie au Cinema. Siku mbili za mwanzo utaona kama TV imefifia na imeingia umanjano. Vumilia, jicho litazoea.

Wengi hupimia rangi kwa matunda. Ukiwa Tanga usithubutu. Chungwa la Muheza huiva tamu ganda likiwa bado na ukijani, na TV iliyopotoka italigeuza liwe kama lile lililochorwa kwenye pakiti ya juisi, nawe utafurahi umepata picha kali. Pimia uso wa mtu. Hakuna anayedanganyika kwa rangi ya ngozi ya watu anaoishi nao kila siku.

Kisha nenda palipoandikwa Sharpness. Watu huipandisha wakiamini wanasafisha picha. Haiongezi kitu ambacho hakimo kwenye diski. Inachora mstari mwembamba mweupe pembezoni mwa kila umbo, hadi watu wanaonekana kama waliokatwa gazetini kwa mkasi wakabandikwa. Weka maandishi yoyote kwenye kioo, anza kuishusha taratibu, na pale mistari myeupe inapotoweka pembeni mwa herufi, simama. Kwa TV nyingi ni sifuri au karibu na sifuri.

Zima pia kazi ya kulainisha mwendo, ambayo kila kampuni imeipa jina lake. Filamu za sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. TV ikibuni picha za katikati ambazo kamera haikuzipiga, sinema ya gharama kubwa inageuka kama igizo lililorekodiwa sebuleni kwa jirani.

Mwisho, tafuta duara: mwezi, sahani, gurudumu la baiskeli. Likiwa na umbo la yai, picha imevutwa, irekebishe kwa kitufe cha umbo la picha kwenye rimoti. Mistari mieusi ya juu na chini iache. Filamu nyingi za sinema upana wake ni mara 2.39 ya kimo, na TV ni 16 kwa 9, kwa hiyo lazima pabaki nafasi. Nilikuwa na mteja aliyekataa kata kata. Alisema yeye kalipia TV nzima na atatazama TV nzima, na mpaka leo kwake waigizaji wote ni warefu wembamba kama minazi.

Hatua ya 2: Igeuze diski

Kabla haijaingia kwenye deki, igeuze upande unaong'aa uiinamishe chini ya taa. Diski iliyopigwa chapa kiwandani huwa na rangi ya fedha, au dhahabu hafifu kama ni ya tabaka mbili. Iliyochomwa kwenye kompyuta ina zambarau, buluu au ukijani. Kuchomwa peke yake si kosa, maana kopi ya kuchoma inaweza kuwa sawasawa na mama yake. Ila rangi ile ni dawa inayofifia kwa jua na joto, na diski iliyokaa kwenye dashibodi ya daladala haina maisha marefu.

Stempu ya TRA iliyoanza kubandikwa mwaka 2013 kwenye kazi za filamu na muziki inakuambia kodi imelipwa. Kuhusu picha haikuambii kitu. Nimeona zenye stempu zikiwa na picha ya ukungu.

Mikwaruzo tazama mwelekeo wake. Unaokatiza kutoka katikati kwenda ukingoni, deki huuruka kirahisi. Unaozunguka kufuata mduara ndio mbaya, kwa kuwa mwale wa leza unaosoma diski unakwenda nao safari nzima. Halafu inua diski mbele ya tochi ya simu: vitundu vya mwanga vikipenya kama nyota, tabaka linaloakisi mwale limeliwa. Kwenye CD tabaka hilo liko chini ya lebo tu, likilindwa na rangi na vanishi, kwa hiyo upande wa maandishi ndio dhaifu kuliko ule unaong'aa. Usiandike juu yake kwa kalamu ya bik. DVD imeundwa kwa vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogundishwa, na data iko katikati, imejificha vizuri zaidi. Bluray data yake iko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, ikikingwa na ngozi ngumu.

Kwa hiyo ile tiba ya dawa ya meno, inayoheshimiwa sana mtaani, ni msasa laini. Mkwaruzo mwembamba wa CD au DVD unaweza kutulia kwayo. Bluray usiiguse nayo. Uchafu wa kawaida futa kwa kitambaa laini cha pamba, kutoka katikati moja kwa moja hadi ukingoni, bila kuzungusha.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawakwambii. Deki husoma kuanzia katikati kwenda nje, kinyume cha zile santuri za gramafoni za babu. Diski iliyojaa, ikiwa na ugonjwa ukingoni, dakika za mwanzo zitateleza kama maji na filamu itaganda jambazi akiwa karibu kukamatwa. DVD ya tabaka mbili kwa kawaida hufika ukingoni katikati ya filamu, kisha hurudi ndani. Muuzaji anapokujaribishia dukani huonyesha mwanzo. Mwombe aruke hadi katikati, kisha hadi mwisho.

Ikiwa diski tatu unazojua ni nzima zinakwama kwenye deki hiyohiyo, ziache, mgonjwa ni lenzi. Hewa ya bahari na vumbi hailihurumii jicho lile. Pamba ya masikioni iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti safi, mguso mwepesi mmoja, kisha iache ikauke.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Ubora wa picha ya diski unategemea sana kitu kimoja: ni data kiasi gani imetengewa kila sekunde ya filamu. Ukikijua hicho, nusu ya majibu unayo kabla hujabonyeza kitufe.

VCD, zile sidii ambazo filamu za Bongo zilikuja mbili mbili kwenye kava moja, zilitengewa kilobiti 1,150 kwa sekunde kwa picha na 224 kwa sauti. Picha yake ina vitone (pikseli) 352 kwa 288. Diski moja ilibeba dakika 74 hadi 80 tu, ndiyo maana filamu ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Hapakuwa na ujanja wa kibiashara pale, nafasi iliisha.

DVD ina vitone 720 kwa 576 kwa mfumo wetu wa PAL, karibu mara nne ya VCD, na tabaka moja lina gigabaiti 4.7, na kila baiti ni biti 8. Weka filamu moja ya dakika 100 peke yake, kila sekunde inapata kama megabiti 6 na ushee. Hapo picha inapumua. Sasa chukua zile DVD za "filamu 8 kwa moja". Dakika 800 ndani ya nafasi ileile. Gawanya: kila sekunde inapata karibu kilobiti 780, picha na sauti pamoja. Umeshuka chini ya VCD, juu ya diski iliyoandikwa DVD kwa herufi za dhahabu. Bakuli moja la supu ya pweza likigawiwa watu wanane litatosha, mradi muuzaji aendelee kuongeza maji.

Kuna upande wa kumtetea. Kama ndani ya diski mna mafaili ya MPEG-4, yale ya AVI, ubanaji wake wa data una akili kuliko MPEG-2 ya DVD ya kawaida, na kilobiti zilezile zinafika mbali zaidi. Kwa hiyo tumia hesabu kushuku, na macho kuhukumu. Deki nyingine ukibonyeza Display zinaonyesha namba zikipanda na kushuka filamu ikiendelea. Kwenye kompyuta, programu ya VLC itakupa ukubwa wa picha na kiasi cha data ukifungua taarifa za kodeki.

Urefu wa filamu nao una siri yake. Filamu ya picha 24 kwa sekunde ikiwekwa kwenye diski ya PAL huchezwa kwa 25. Inakimbia asilimia 4. Ya saa 2 kamili inaisha kwa dakika 115 hivi, na sauti za watu zinapanda kidogo, chini ya nusu hatua moja ya kinanda. Usikimbilie kusema imekatwa. Diski za mfumo mwingine, NTSC, za Marekani kwa mfano, hazikimbii, ila zina mistari 480 badala ya 576, na kamera inapogeuka taratibu utaona picha inachechemea kidogo. TV ya chogo isiyoijua NTSC inaweza kukutolea picha isiyo na rangi au inayoviringika. Nenda kwenye mipangilio ya deki, ilazimishe itoe PAL.

Hatua ya 4: Matukio ya kupimia picha

Usitazame filamu nzima. Tafuta matukio machache na uyarudie. Kaa umbali wako wa kawaida, maana ukisogea mita moja kutoka TV ya inchi 50 kila DVD duniani itaonekana mbovu. Taa punguza, pazia vuta.

Anza na giza. Aliyeingia Mapango ya Amboni anajua giza lina tabaka: kuna weusi wa ukuta, weusi wa shimo, na weusi wa mtu aliyesimama mbele yako. Tafuta tukio la usiku, mtu mwenye koti jeusi mbele ya ukuta mweusi. Kopi nzuri itakuonyesha mkunjo wa koti. Kopi mbaya itakupa bonge la kijivu, na ndani yake viboksi vinatambaa kama siafu. Kama hakuna viboksi ila giza lote ni kijivu, rudi kwenye Brightness, huenda umeipandisha mno. Ile mistari mieusi ya juu na chini ndiyo kipimo: iwe nyeusi kwelikweli, bila koti kumezwa.

Halafu maji. Mawimbi, mvua, moshi, umati wa watu uwanjani, kila kitu kinachobadilika sehemu zote za picha kwa wakati mmoja. Hapo ndipo diski yenye njaa ya data inaposhindwa. Mtu mmoja akiongea chumbani, filamu 8 kwa moja inaweza kukudanganya, kwa sababu ukuta hausogei na data yote inatumika usoni. Bahari ikitokea, uso wa maji unavunjika kuwa vigae vya msalani. Mimi hili ndilo tukio langu la kwanza siku zote, na mara nyingi la mwisho.

Anga la jioni linapima kitu kingine. Rangi ya machungwa inatakiwa iyeyuke taratibu hadi kwenye buluu. Ukiona ngazi, mkanda juu ya mkanda kama ramani ya vilima, data ilibanwa au TV yenyewe haina rangi za kutosha. Kujua ni nani kati ya hao, jaribu diski nyingine unayoiamini.

Sasa uso kwa karibu, na hapa inabidi nitulie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu wanakosea kila siku. Filamu iliyopigwa kwa ukanda wa zamani ina chembechembe. Ukitazama shavu la mwigizaji utaziona zikicheza, ndogo, sawasawa picha nzima, kama unga wa ngano uliopeperushwa kwenye mwanga. Hizo ni filamu yenyewe, ni kemikali za ukanda. Tulizoea kuziita chenga kwa sababu TV za antena zilitufundisha kwamba kila kinachotetema ni chenga. Chenga za antena ni kali, nyeupe na nyeusi, na hukata picha. Chembechembe za ukanda zimelala ndani ya picha na zinakuja na matundu ya ngozi, nywele za nyusi, uzi wa kanzu.

Watengeneza diski wengine, wakiogopa malalamiko yetu, huzifuta kwa mashine. Zinapofutwa, ngozi nayo inaondoka. Unabaki na uso wa mshumaa, bibi wa miaka 70 anang'aa kama sanamu ya dukani, na akigeuza kichwa mashavu yake yanachelewa nusu sekunde kumfuata. Watu husifu, "hii HD kabisa!" Mimi nikiona mikunjo ya uso na unga wa chembechembe juu yake, najua aliyeitengeneza diski kaiacha filamu salama. Dawa ni kuangalia nguo: kama kitambaa cha suti kina nyuzi, uso laini wa mwigizaji ni wanja na poda. Kama suti nayo ni laini kama plastiki, ni mashine.

Mengine yaende haraka. Mtu anayekimbia kukatiza kioo akiwa na meno ya kitana pembezoni, picha imetengenezwa kwa mistari ya kupokezana na haikuunganishwa vizuri. Jaribu deki nyingine au waya wa HDMI kabla ya kulaumu diski. Vijidoa vinavyotetema kuzunguka majina ya mwanzo, kama mbu kwenye taa, ni ubanaji. Mistari ya wima, vumbi na alama za duara kwenye kona ya juu ni uzee wa ukanda uliopita kwenye mashine za sinema. Filamu inaendelea bila kukwama. Mkwaruzo wa diski haufanani na hiyo hata kidogo: picha inaganda, inavunjika, inaruka mbele. Na ukiona kichwa cha mtu kikipita chini ya picha, au watu wakicheka pasipo na kichekesho, mtu alikaa na kamera yake ndani ya ukumbi wa sinema. Hapo hakuna cha kupima.

Waya nao usiusahau. Ule wa njano hubeba picha yote kwenye uzi mmoja, rangi na mwanga zikisukumana, ndiyo maana shati la mistari myembamba linawaka rangi za upinde wa mvua. Kama deki yako ina HDMI, itumie hata kwa DVD.

Hatua ya 5: Sauti, na hapa fumba macho

Aliyelelewa Tanga sikio lake limefundwa na taarabu ya Black Star na Lucky Star, gitaa, besi na sauti ya mwimbaji vikipishana bila kugongana. Litumie sikio hilohilo. Zima ile mipangilio ya Rock na Pop kwenye sabufa, rudisha besi katikati. Besi iliyojaa hufunika dhambi zote.

Cheza tukio la mazungumzo, fumba macho. Unaelewa kila neno bila kuongeza sauti? Sikiliza herufi S na SH. Kwenye sauti iliyobanwa mno, "sasa" na "shangazi" zinatoka na mluzi wa maji, kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Kisha subiri ukimya. Diski nzuri ikinyamaza unasikia chumba, pepo, mdudu wa usiku. Mbaya inakupa mchirizo wa kudumu, au ukimya wa kukatwa kwa kisu kila mtu anapoacha kusema. Mwisho tafuta tukio la kishindo. Mlio ukikwaruza hata ukipunguza sauti hadi chini, ulirekodiwa umeshaharibika. Ukikwaruza kwa sauti kubwa tu, ni spika yako inayoomba huruma.

Malalamiko niliyoyasikia kuliko yote: "Muziki unapasua nyumba, watu wakiongea hawasikiki." Mara nyingi diski haina kosa. Sauti ya 5.1, ile ya spika tano na sabufa, huweka maneno kwenye spika ya katikati. Deki ikiwa imepangwa kutoa 5.1 na wewe umechomeka nyaya mbili tu, nyeupe na nyekundu, maneno yanatumwa kwenye spika ambayo huna. Fungua mipangilio ya sauti ya deki, chagua stereo. Waigizaji watarudi nyumbani.

Spika zikisikika nyembamba na besi imepotea, geuza waya wa spika moja tu, chanya na hasi. Zikiwa zimepishana, moja inasukuma hewa nyingine inavuta, na besi zinauana katikati ya chumba.

Midomo na sauti vikipishana, msikilize mtu akisema "mama", "baba" au "papa": maneno hayo hayasemeki bila kufunga midomo, kwa hiyo ni kipimo cha bure. Sauti ikitangulia, na umeitoa kwenye deki moja kwa moja hadi sabufa, kosa ni la TV flati inayochukua muda kuchakata picha. Itoe sauti kwenye TV badala ya deki, au tafuta mahali pa kuichelewesha. Kama upishano unaongezeka kadiri filamu inavyoendelea, hapo ndipo diski ilipotengenezwa vibaya.

Filamu yenye sauti ya mtafsiri, wa aina ya Lufufu na wenzake, usiipime kwa kanuni hizi. Sauti ya asili imeshushwa makusudi ili yeye asikike, na tunamfuata yeye. Filamu zetu za nyumbani nazo zina ugonjwa wao: maikrofoni juu ya kamera, upepo wa Raskazone unavuma ndani yake, jogoo anawika katika picha moja na kunyamaza katika inayofuata ilhali watu ni walewale. Hata ukiihamishia kwenye Bluray, jogoo yule atakuja naye.

Bluray kwa ufupi

Vitone 1920 kwa 1080, mara 5 ya DVD, gigabaiti 25 kwa tabaka moja na 50 kwa mawili. Vipimo ni vilevile, isipokuwa viboksi ni nadra, kwa hiyo kaza macho kwenye uso wa mshumaa na mistari myeupe pembezoni. Angalia herufi ya kanda kwenye kava, maana deki inaweza kuikataa diski ya kanda nyingine: Afrika na Ulaya ni B, Marekani ni A, India ni C. DVD kwetu ni namba 5. Ndugu akitaka kukutumia kutoka ng'ambo, mwambie asome kava kwanza.

Diski ya harusi

Hii ndiyo inayouma kuliko zote, kwa sababu haina nyingine dukani. Mafundi wengi hutia shughuli nzima, singo, nikahi, mnuso na kutoa bibi harusi, saa 4 kwenye DVD moja. Hesabu ya hatua ya 3 inakupa megabiti 2.6 kwa sekunde, na hapo ukumbi una taa zinazozunguka, vitambaa vinavyometa na akina mama 200 wanatunza kwa mpigo. Ni mawimbi ya bahari yale yale. Mwambie tangu siku ya kupatana: diski tatu, saa moja na nusu kila moja isizidi, na mafaili yenyewe kwenye flashi. Muulize pia sauti ya kadhi ataichukulia wapi. Akijibu kwamba kamera itasikia tu, mwambie achukue waya kutoka kwa fundi wa spika.

Siku ya kukabidhiwa, nenda na DVD moja unayoijua vizuri. Chezesha yako kwanza kwenye TV yake, kisha yake, ili TV itoke kwenye kesi. Muombe aruke hadi wakati wa kutunza, halafu hadi dakika 10 za mwisho, usikubali orodha ya mwanzo na ile picha ya maua inayozunguka. Nusu ya pesa iliyobaki iwe bado mfukoni.